Maji ya makaroni yanahesabiwa, mpagazi hahesabiwi

Najua nimekuwa kimya. Zamu za usiku zimenibana, na theluji ya huku bado haijaamua kama inaondoka au inahamia moja kwa moja. Mama mkubwa, ile picha ya harusi nimeipata, asante sana.

Leo nina dukuduku, na nisipolitoa sitalala. Binamu yangu mmoja (mnamjua, simtaji) ameniandikia hivi: "Tumekuchangia nauli, ukaenda Kanada, kumbe kila Jumamosi unashinda unacheza vita vya karatasi na wazee wa Kizungu?" Nasikia na wengine wamecheka sana. Haya, ndiyo, nacheza. Mchana wa Jumamosi, chumba cha maktaba ya mtaa huku Scarborough, kahawa ya Tim Hortons mkononi. Lakini kabla hamjacheka tena, someni mpaka mwisho, maana ugomvi nilionao na wale wazee unawahusu ninyi kuliko unavyonihusu mimi.

Kwanza niwaeleze mchezo wenyewe, maana wengine mnadhani ni drafti. Mnatandika ramani kubwa mezani. Vikosi ni vipande vidogo vya karatasi ngumu, kila kimoja na namba zake: nguvu ya kushambulia, nguvu ya kujilinda, mwendo. Mnarusha dadu, mnaangalia jedwali la matokeo, mmoja anashinda, mwingine anarudi nyuma. Vijana wengi wanacheza aina hii kwenye kompyuta. Kuna gemu moja ya Waswidi inaitwa Hearts of Iron IV, ilitoka mwaka 2016, inahusu Vita Kuu ya Pili.

Sasa kinachonivutia mimi si dadu. Ni hesabu. Wachezaji hawa hawaridhiki na namba walizopewa na mtengenezaji. Wanafungua Excel, wanajitengenezea lahajedwali zao, zile kurasa zenye mistari na safu, wanaingiza kila bunduki, kila kifaru, kila lita ya mafuta, halafu wanatafuta mpangilio ulio bora. Katika hiyo Hearts of Iron, kwa miaka kadhaa upana wa uwanja wa vita ulianzia 80, kwa hiyo kila mtu alijenga divisheni za upana wa 20 au 40, zigawanyike sawasawa. Novemba 2021 watengenezaji wakabadilisha, kila aina ya ardhi ikawa na upana wake. Wachezaji wakarudi kwenye lahajedwali zao, wakapiga hesabu upya za msitu, mlima, jangwa na mji. Hakuna aliyewalipa. Wanafanya kwa mapenzi, wanagawana bure. Jamani, mimi nawavulia kofia. Laiti halmashauri zetu zingekuwa na watu wenye uchungu na namba kiasi hicho!

Kwa hiyo msinielewe vibaya. Sigombani na lahajedwali. Nagombana na safu iliyokosekana.

Kundi letu la Jumamosi lilijitungia mchezo wake lenyewe: kampeni ya Afrika Mashariki, 1914 hadi 1918. Yaani kwetu! Ramani inaanzia Mombasa mpaka Msumbiji. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mtu mwema kabisa, ndiye aliyetengeneza lahajedwali. Kaifanyia kazi majira mawili ya baridi. Ukiifungua utashangaa. Imo meli ya Wajerumani, Königsberg, iliyozamishwa katika delta ya Rufiji Julai 1915, na mizinga yake 10 iliyoopolewa ikaburutwa nchi kavu, kila mzinga na mstari wake. Wamo nyumbu. Imo malaria. Imo mvua ya masika. Imo Tanga ya Novemba 1914, pale Waingereza walipoteremsha watu wapatao 8,000 kutoka India, wakatimuliwa na watu wa Lettow-Vorbeck wapatao 1,000. Na kwa kuwa inasimuliwa kwamba siku ile nyuki waliwavamia wapiganaji, basi nyuki nao wana safu yao. Unarusha dadu ya nyuki!

Nikatafuta safu ya wapagazi. Hamna. Nikatafuta tena. Nyuki wamo, nyumbu wamo, mpagazi hamo.

Ndugu zangu, vita ile ilipiganwa kwa vichwa na mabega ya watu. Reli zilikuwa chache, barabara ndogo, na mbung'o waliwamaliza farasi na ng'ombe. Kila gunia la unga, kila sanduku la risasi, lilibebwa na mtu. Waingereza peke yao wanakadiriwa kuwachukua watu wapatao milioni 1 kuwa wapagazi, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Tanganyika yenyewe baada ya kuiteka, na kwingineko. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Wazee wetu wakalitamka wanavyoweza, ikawa Kariakoo. Ndiyo hiyo hiyo Kariakoo mnayokwenda kununua vitenge na simu. Nairobi wana Kariokor yao. Makadirio yanayotajwa zaidi yanasema wapagazi kama 95,000 wa upande wa Waingereza walikufa, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa, si kwa risasi. Wa upande wa Wajerumani hesabu yao ni ya kubahatisha zaidi.

Sasa nyie watu wa hesabu, tupige hesabu. Hii ni yangu mwenyewe, rahisi, hata mtoto wa darasa la sita ataifuata. Mpagazi mmoja anabeba kilo 25. Anakula kilo 1 ya posho kwa siku. Mbele kuna askari 1,000, nao wanataka kilo 1 kila mmoja, yaani kilo 1,000 kila siku.

Kambi ikiwa mwendo wa siku 5, mpagazi anakula kilo 5 akienda na 5 akirudi. Anafikisha 15. Utahitaji wapagazi kama 670 njiani wakati wote.

Kambi ikiwa mwendo wa siku 10, anakula 20, anafikisha 5. Unahitaji watu 4,000.

Kambi ikiwa mwendo wa siku 12, anakula 24, anafikisha kilo 1 tu. Unahitaji watu 24,000. Kulisha askari 1,000! Ukiongeza siku moja tu, mpagazi anakula mzigo wote kabla hajarudi, na hakuna jeshi tena.

Na hapo sijaweka risasi, dawa, mahema wala viti vya maofisa. Sijaweka wagonjwa. Ndiyo maana majeshi yote mawili yalifika mahali yakaacha kutegemea mzigo, yakaanza kula mashamba ya watu. Wagogo wanaikumbuka njaa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920. Nafaka zilichukuliwa, ng'ombe wakachukuliwa, vijana wakachukuliwa, mvua nayo ikagoma. Katika lahajedwali ya Scarborough, Ugogo ni eneo la rangi ya njano lenye "mwendo 2".

Basi nikasimama, kwa adabu zote, nikasema tuongeze safu. Nikajibiwa mambo matatu, nami nataka kuyajibu hapa mbele yenu, maana pale maktaba muda uliisha.

La kwanza: eti mchezo utakuwa mzito, utakosa raha.

Loh! Watu hawa hawa, sikilizeni. Mwaka 1979 kampuni ya Marekani iitwayo SPI ilitoa mchezo wa Richard Berg kuhusu vita vya jangwani, The Campaign for North Africa. Inasemekana kuumaliza kunataka saa 1,500. Ndani yake kuna kanuni maarufu: askari wa Kitaliano wapewe maji ya ziada ya kuchemshia makaroni. Wasipopata maji ya makaroni, nguvu yao inashuka! Wapenzi wa michezo hii wanaitaja kanuni hiyo kwa kicheko lakini pia kwa mahaba, na watu wamejitengenezea lahajedwali ili waweze kuucheza mchezo huo. Kwa hiyo uzito si tatizo lao. Maji ya makaroni ya Mtaliano yanahesabika, unga wa mtu aliyebeba vita nzima kichwani ni "uzito". Hapana, wazee wangu. Mkisema hamtaki, semeni hamtaki.

La pili: eti data hazipo.

Hapa ndipo damu ilinipanda. Mimi hapa Kanada nabeba boksi, hamlijui hilo? Ghala lina maboksi maelfu kwa maelfu, na kila boksi lina namba yake. Likipotea moja, kunaitishwa kikao. Anayebeba boksi naye ana namba, wanajua dakika ngapi nimekwenda msalani. Mtu akitaka kuhesabu, anahesabu.

Na mkoloni alijua kuhesabu. Alihesabu vibanda vyetu kimoja kimoja alipotaka kodi. Vita vilipokwisha, Kenya kuanzia 1919 na 1920 ikawavisha wanaume Waafrika vipande shingoni, kila mmoja na namba yake na alama za vidole, ili mfanyakazi asitoroke kwa bwana wake. Serikali iliyoweza kumfuata mtu mmoja kutoka Kisumu hadi shamba la Naivasha ilishindwaje kuandika nani amefia njiani Mahenge? Wengi wa waliokufa walikuwa na mishahara waliyokuwa wakidai, na fedha zile hazikuzifikia familia zao. Ukiwa na jina la marehemu unadaiwa. Usipokuwa nalo, hudaiwi.

Data zipo, ila ni chungu. Mwanahistoria Geoffrey Hodges alitoa kitabu kizima juu ya Carrier Corps mwaka 1986. Na Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yake yenyewe ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliofia jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Ben Wallace, alisimama bungeni London akaomba radhi.

Hebu soma tena namba hizo polepole. Kati ya 116,000 na 350,000. Tofauti ni watu 234,000! Hawa si waliokufa. Hawa ni watu ambao mwajiri wao hajui kama walikufa au la.

Na msidhani Kanada haimo. Ripoti ile iligusa maneno ya gavana wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliyesema mwaka 1923 kwamba mwenyeji wa kule asingeelewa wala kuthamini jiwe la kaburi. Gavana huyo aliitwa Gordon Guggisberg. Mnajua alizaliwa wapi? Galt, Ontario, mwaka 1869. Galt siku hizi ni sehemu ya mji wa Cambridge, unatoka hapa Toronto kwa gari unafika kabla chai kwenye chupa haijapoa. Nilipowaambia wazee wa Jumamosi, kukawa kimya.

Linganisheni na wao wanavyowatendea wafu wao. Huko Ottawa kuna Kitabu cha Kumbukumbu cha vita ile ile, kina majina ya Wakanada zaidi ya 66,000, na ni desturi ukurasa mmoja kufunuliwa kila siku saa 5 asubuhi, kila jina lionekane angalau mara moja kwa mwaka. Kila Novemba watu wazima wanavaa ua jekundu kifuani. Nalipenda jambo hili kwa moyo wote, na mimi navaa. Ndilo linalonipa haki ya kuuliza: kama jina ni deni kwa kijana aliyefia Vimy mwaka 1917, kwa nini si deni kwa kijana aliyefia Rufiji mwaka ule ule, jeshi la mfalme yule yule?

La tatu: eti ni mchezo tu.

Hili ndilo kubwa. Mtu anayecheza na namba anajifunza kutoka kwenye namba. Kisicho na safu hakina bei, na kisicho na bei kinatumika ovyo. Katika lahajedwali ya mzee, kupeleka kikosi kusini ya Rufiji wakati wa masika kunagharimu mwendo na malaria kidogo. Watu wa kubeba hawagharimu kitu. Kwa hiyo mchezaji anasonga tu, halafu anasimama anasema: huyu Lettow-Vorbeck alikuwa fundi kweli, aliwachezesha Waingereza miaka minne! Ufundi gani? Ukiondoa mpagazi kwenye hesabu, kila jenerali ni fundi. Alipojisalimisha Abercorn, Novemba 25, 1918, alikuwa na askari Waafrika 1,168, Wajerumani 155, na kwa simulizi zilizozoeleka wapagazi wapatao 3,500. Angalieni wenyewe ni kundi gani lilikuwa kubwa, halafu mwambieni mtu apate kundi hilo kwenye ile ramani.

Nami sikuishia maneno. Nilinakili lahajedwali ya mzee nikaongeza safu tatu: wapagazi walio njiani, posho wanayokula, na wangapi hawarudi. Nikacheza upya mwaka 1916 kwa upande wa Smuts. Matokeo? Ukikimbiza jeshi kama alivyokimbiza yeye, Morogoro unaifikia, lakini unafika na jeshi lenye njaa na wagonjwa, na unakwama. Ndivyo ilivyokuwa! Morogoro ilitekwa Agosti 1916, Dar es Salaam Septemba, halafu vita vikakwama kwenye matope, maelfu ya askari weupe wa Afrika Kusini wakarudishwa kwao wagonjwa. Lahajedwali ya zamani haikuweza kueleza kwa nini. Yangu inaeleza. Yaani hata kama hujali utu hata chembe, hata kama unataka tu mchezo unaofanana na ukweli, bado unamhitaji mpagazi.

Tukapiga kura. Watatu walikubali, wanne wakakataa. Mzee mwenyewe alipiga kura ya kukataa, kisha akaniomba nakala yangu kwenye barua pepe. Nimemtumia. Wiki ijayo naleta hoja tena, na wiki itakayofuata nayo.

Haya, sasa nigeukie kwetu, maana nisipofanya hivyo mtasema huyu amezoea kuwasema Wazungu tu.

Sisi wenyewe safu yetu iko wapi? Pale katikati ya Dar tuna Sanamu ya Askari tangu 1927, bunduki na singe, kila mtu anaelekeza wageni kwayo. Yuko peke yake. Nairobi angalau kwenye mnara wao mbeba mizigo amesimama pamoja na askari. Shuleni tulifundishwa tarehe za vita hivyo na jina la jenerali wa Kijerumani, tukafaulu mtihani. Nani kati yenu aliulizwa swali hata moja kuhusu mpagazi? Tunasema Kariakoo mara kumi kwa siku, na hatusikii kwamba tunataja jeshi la wafu.

Msiniambie haiwezekani. Januari 2025 huko Cape Town ulizinduliwa mnara wenye majina zaidi ya 1,700 ya Waafrika Kusini weusi, watu wa kazi za mikono waliofia Afrika katika vita ile. Karne moja baadaye! Majina yalikuwepo kwenye makaratasi. Mtu fulani alikaa chini akayaingiza moja moja, mstari kwa mstari, kama wanavyofanya wachezaji wangu na vifaru vyao.

Kwa hiyo nimefungua lahajedwali nyingine, hii si ya mchezo. Ina safu tano: jina, kijiji, alichukuliwa na nani, alipelekwa wapi, alirudi au hakurudi. Mstari wa kwanza ni wa ukoo wetu wenyewe, yule babu wa babu tunayeambiwa "alikwenda kubeba mizigo ya Waingereza". Tuna jina moja tu, na safu ya mwisho inasema hakurudi. Shangazi, wewe ndiye uliyebaki unayejua kijiji alichochukuliwa. Nitakupigia Jumapili baada ya ibada, naomba usiniambie habari za zamani hazina faida.

Na ninyi wengine wote, waulizeni wazee wenu wiki hii. Hata jina la nusu, hata "kaka yake bibi, aliondoka mwaka wa njaa". Andikeni hapo chini kwenye maoni au nitumieni barua pepe. Binamu, wewe anza na upande wa mama yako Kondoa, halafu ndiyo uniambie kama napoteza Jumamosi zangu.

Naomba kuwasilisha.